Anza na neno la Kiholanzi: jinsi ya kuyaweka sawa maneno ya kiasi ya Kiingereza

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza hufundisha maneno ya kiasi kwa jedwali. Huku "much" na "little", kule "many" na "few", katikati "some" na "any", kisha mazoezi ya kujaza nafasi. Anayezungumza Kiholanzi huyajaza mazoezi hayo vizuri kabisa, akapata alama zake zote, halafu kesho yake anamwandikia mteja wa Uingereza "we have much problems with the delivery". Mimi nafundisha Kiingereza madarasa ya jioni mjini Rotterdam. Wanafunzi wangu ni watu wazima: makarani wa kampuni za meli, wauguzi, madereva wa malori, na humo humo wamo ndugu zetu waliohamia Uholanzi na Ubelgiji miaka mingi, ambao Kiholanzi sasa ndicho kinachowajia kwanza wakitaka kusema lugha ya kigeni. Wote hao kanuni wanazijua. Waulize "many" ni ya nini, watakujibu bila kusita. Lakini mtu akizungumza haanzii kwenye jedwali. Anaanzia kwenye neno la Kiholanzi ambalo limeshamfika ulimini, na neno hilo ndilo linaloamua atakosea wapi.

Ndiyo maana nafundisha kinyume. Naanza na "veel", "een paar", "jaar", "de meeste", "nog", na kwa kila neno namwuliza mwanafunzi: Kiingereza kinataka kujua nini hapa ambacho Kiholanzi hakikukuuliza? Fuata njia hiyo pamoja nami. Na kama Kiswahili ndiyo lugha yako ya nyumbani, utaona kwamba mara kadhaa kinakupa msaada ambao Mholanzi mwenyewe hana.

"Veel" na jamaa zake wanne

Kiholanzi husema "veel water" na "veel mensen" kwa neno lilelile. Hapa Kiswahili hakitusaidii sana, kwa sababu nasi tunasema maji mengi, watu wengi: mzizi ni mmoja, kinachobadilika ni kiambishi cha ngeli tu. Kiingereza kinauliza kwanza: kitu hiki kinahesabika kimoja kimoja, au kinapimwa kwa jumla? Watu wanahesabika, basi "many people". Maji yanapimwa, basi "much water".

Kipimo changu ni kuweka "two" mbele ya neno. Ila uweke mbele ya neno la Kiingereza, usiweke mbele ya neno la Kiholanzi wala mbele ya kitu chenyewe unachokiona akilini. "Two problems" inasimama, kwa hiyo ni "many problems". "Two money" haisimami, kwa hiyo ni "much money", ingawa fedha tunazihesabu kila siku. Tunachohesabu ni euro. Neno "money" lenyewe halihesabiki.

Njia ya mkato ipo, nayo ni "a lot of", ambayo hukaa na vyote viwili: "a lot of water", "a lot of people". Tena katika sentensi ya kawaida ya kukubali, ndivyo Waingereza wanavyosema hasa. "I have much work" haina kosa la sarufi, lakini katika mazungumzo ni nzito, inasikika kama barua ya serikali. Sema "I have a lot of work". Ukiwa na "heel veel mensen" kichwani, usiende kwenye "very much people", maana hiyo haipo kabisa. Sema "a lot of people" au "lots of people", inatosha.

Nawaonya wanafunzi wangu wasijifiche humo moja kwa moja. "Veel" ina jamaa wanne ambao "a lot of" haiwafikii: "hoeveel", "te veel", "zoveel" na "evenveel". Hapo lazima uchague. "Hoeveel tijd" ni "how much time", lakini "hoeveel uur" ni "how many hours". "Te veel lawaai" ni "too much noise", "te veel auto's" ni "too many cars". "Zoveel geld" ni "so much money", "zoveel vragen" ni "so many questions". "Evenveel" nayo hugawanyika hivyo hivyo: "as much sugar as", "as many boxes as". Makosa ninayoyasikia kila juma yanatoka kwenye hawa wanne kuliko kwenye "veel" yenyewe, na lililo kubwa kuliko yote ni "how much people". Kama una robo saa tu ya kujifunza leo, itumie hapa. Chukua vitu ishirini vilivyo mbele yako, na kwa kila kimoja useme kwa sauti "how much" au "how many", "too much" au "too many", mpaka ulimi uache kungoja.

"Veel" ikikaa mbele ya sifa ya kulinganisha, kama "veel beter", hakuna kinachohesabiwa, hivyo ni "much better" siku zote. "Een stuk beter" ni "a lot better". Usiseme "a piece better".

Vitu ambavyo Kiholanzi kinavihesabu na Kiingereza hakivihesabu

Kipimo cha "two" kinakufaa tu kama unajua tabia ya neno la Kiingereza, na hapa yapo machache ya kukariri. Sipendi kukaririsha watu, ila haya hayana njia nyingine.

Kiholanzi husema "een advies" na "twee adviezen". Kiingereza hakina "an advice" wala "advices". Ni "some advice", na ukitaka kuhesabu, "two pieces of advice". Vivyo hivyo "een onderzoek": watu wa vyuo huandika "a research", na hata wasomi wakubwa wa hapa wanateleza. Andika "a study", au "some research". "Bewijzen" za mahakamani ni "evidence", bila wingi. "Meubels" ni "furniture", na kabati moja ni "a piece of furniture". "Een training" ni "a training course". "Een brood" ni "a loaf of bread", na "twee broden" ni "two loaves".

Kuna kundi linalokwenda upande wa pili, ambalo vitabu hulipita haraka. "Een bril", "een broek", "een schaar", "een tang", "een pyjama", hata "de trap" ya kupanda ghorofani: kwa Kiholanzi kila kimoja ni umoja. Kwa Kiingereza vyote ni wingi: "glasses", "trousers", "scissors", "pliers", "pyjamas", "stairs". Kwa hiyo "mijn broek is te kort" inakuwa "my trousers are too short", na kitenzi nacho kinahama. Ukitaka moja sema "a pair of trousers", ukitaka mbili "two pairs of trousers". "De politie is" inakuwa "the police are". Hili la polisi ulikariri kama lilivyo.

"Weinig", "een beetje", "een paar"

Hapa nina habari njema, na huwa nafurahi nikifika kwenye somo hili. Wanafunzi wa lugha nyingi huhangaika na tofauti ya "few" na "a few", ya "little" na "a little". Mholanzi hana sababu ya kuhangaika, kwa sababu lugha yake ina tofauti hiyohiyo tayari, tena ina alama ileile. Angalia. "Weinig" haina "een" mbele yake, na Kiingereza chake hakina "a": "weinig tijd" ni "little time", "weinig vrienden" ni "few friends". "Een beetje" na "een paar" zina "een", na Kiingereza chake kina "a": "een beetje tijd" ni "a little time", "een paar vrienden" ni "a few friends". Kiholanzi kikiwa na "een", weka "a". Kikiwa hakina, usiweke.

Maana nayo inafuata. "Few people came" ni malalamiko: watu hawakuja, ukumbi ulikuwa mtupu. "A few people came" ni taarifa njema: angalau baadhi walikuja. Muuguzi akiandika "the patient drank little water", daktari atashtuka. Akiandika "a little water", daktari atajua kwamba mgonjwa ameanza kunywa.

"Een beetje" ina mtego wake: ni ya visivyohesabika tu, na Kiingereza chake vilevile. Usiseme "a little bit people". Kwa watu ni "a few".

"Een paar" ndiyo ya kuangalia kwa makini. Kiholanzi kinaandika "een paar dagen" na "een paar schoenen" kwa neno moja, lakini ya kwanza ni siku chache na ya pili ni jozi. Kiingereza kinataka kujua kama vitu hivyo ni viwili vinavyokwenda pamoja. Kama ndiyo, ni "a pair of shoes". Kama sivyo, ni "a few days". "A pair days" naikuta mara nyingi katika barua za kuomba likizo. Kama unataka neno la katikati, lenye maana ya viwili au vitatu hivi, "a couple of days" ni zuri na la kawaida. Lile "of" usilisahau.

Kwa kuwa tuko kwenye uchache, "minder" inagawanyika mara mbili: "less traffic", "fewer cars". Utawasikia Waingereza wenyewe wakisema "less cars", na hakuna atakayekusimamisha ukisema hivyo kazini. Katika maandishi rasmi weka "fewer". Isipokuwa kwa fedha, muda na umbali: "less than ten euros", "less than five years", "less than three miles". Hapo kiasi kinachukuliwa kama kitu kimoja, na "fewer" inasikika vibaya.

"Drie jaar", "vijf uur", "tien euro"

Kosa hili ndilo linalomtambulisha Mholanzi kwa haraka kuliko lafudhi yake. "I live here since three year." Sentensi hiyo ina makosa matatu, nami nashughulika na la mwisho.

Kiholanzi kina vipimo ambavyo haviendi kwenye wingi baada ya namba: jaar, uur, kwartier, keer, euro, kilo, meter, liter. "Drie jaar", "vijf uur", "vier keer", "tien euro", "twee kilo". Lakini vingine vinakwenda: "drie dagen", "vier weken", "twee maanden", "tien minuten". Mtu aliyekulia na lugha hiyo hajui hata kwamba anafanya tofauti. Kiingereza hakitofautishi: kikizidi kimoja, ni wingi. "Three years", "five hours", "four times", "ten euros", "two kilos". Mzungumzaji wa Kiswahili ana wepesi kidogo hapa, kwani hakuna anayesema mwaka mitatu. Anachohitaji ni kuisikiliza "jaar" inapojaribu kupita bila wingi na kuizuia mlangoni.

Na kuzidi kimoja maana yake ni kuzidi kweli, hata kwa nusu. "Anderhalf jaar" ni "one and a half years", au "a year and a half". "Anderhalve kilo" ni "one and a half kilos". Wanafunzi wazuri kabisa huniandikia "one and a half year" kwa sababu "anderhalf" haina dalili ya wingi hata kidogo.

Ukishaizoea kanuni hiyo, kuna jambo moja litakalokupinga. Namba na kipimo vikiungana kuwa sifa mbele ya nomino nyingine, wingi unaondoka: "a three-year contract", "a ten-euro note", "a two-week holiday", "an eight-hour shift". Nimewaona watu wakipambana na "drie jaar" mpaka wakaishinda, kisha kwa bidii yao wakaanza kuandika "a three-years contract". Angalia tu neno linalofuata. Kama kipimo ndicho mwisho wa fungu, tia "s". Kama kuna nomino nyingine mbele inayoelezwa nacho, usitie.

"Een kop koffie"

Kiholanzi huunganisha chombo na kilichomo bila kiungo chochote: "een kop koffie", "een glas water", "een kilo appels", "een doos boeken", "een groep mensen". Kiingereza kinadai "of": "a cup of coffee", "a glass of water", "a kilo of apples", "a box of books", "a group of people". Fikiria Kiswahili hapa, usifikirie Kiholanzi. Hujawahi kusema kikombe kahawa. Unasema kikombe cha kahawa, kundi la watu. Kila mahali ambapo Kiswahili kinataka kile kiunganishi, Kiingereza kinataka "of".

Namba zenyewe zina kanuni nyingine. "A dozen eggs", "a hundred people", "a thousand euros": hakuna "of". Lakini "a" ni ya lazima, nayo ndiyo Mholanzi huiacha, kwa kuwa yeye anasema "honderd mensen" bila kitu mbele. Sisi tunasema mia moja, elfu moja. Ile moja ikumbushe "a". Zikiwa nyingi zenye hesabu kamili, "two hundred people", bila "s". Zikiwa nyingi zisizo na hesabu, "hundreds of people", "s" na "of" vyote vipo. Kwa "tientallen mensen" Kiingereza husema "dozens of people". "Tens of people" ni Kiholanzi kilichovaa nguo za Kiingereza, ingawa "tens of thousands" ni sawa. Na "een stuk of tien" ni "about ten" au "ten or so".

"De meeste", "de helft", "een aantal"

Hapa shida ni ile "de". "De meeste mensen" inakuwa "most people", bila "the". "The most people" inamaanisha kitu kingine, kwamba mahali fulani palikuwa na watu wengi kuliko mahali pengine pote. Ukizungumzia kundi maalumu, "the" inarudi lakini baada ya "of": "most of the people in this room". Kwa hiyo una njia mbili tu, "most people" au "most of the people". Usichanganye ukapata "most of people".

"De helft van mijn loon" ni "half of my salary" au "half my salary". Usiseme "the half". "De beide zussen" ni "both sisters".

"Een aantal" na "het aantal" zinastahili uangalifu kwa anayeandika ripoti. "Een aantal mensen" kwa Kiholanzi huweza kuchukua "is" au "zijn". Kwa Kiingereza "a number of people are waiting" ni wingi, na "the number of people is rising" ni umoja. Halafu hapa Kiholanzi kinakupa zawadi: "aantal" ni "number", "hoeveelheid" ni "amount". Usingesema "een hoeveelheid mensen", basi usiseme "an amount of people". 

"Geen", "wat", "nog"

Kiholanzi hakigawi "some" na "any". Kanuni ya shuleni inasema "some" kwa kukubali, "any" kwa kukanusha na kuuliza, nayo inatosha kwa siku nyingi: "I have some questions", "I don't have any questions", "Do you have any questions?" "Ik heb geen vragen" unaweza kuitoa kama "I have no questions" na ni sahihi, ila "I don't have any questions" ndiyo ya mazungumzo. Ukimkaribisha mtu kitu, tumia "some" hata kama ni swali: "Would you like some coffee?" Unatarajia aseme ndiyo, na "some" inalionyesha tarajio hilo.

"Nog" huleta "still" mahali pasipo pake. "Nog een kop koffie" ni "another cup of coffee". "Nog twee" ni "two more". "Nog een beetje" ni "a little more". "Still" waachie mambo yanayoendelea: "he is still here".

"Allemaal" ina sura mbili. "We komen allemaal" ni "we are all coming". Lakini "er stonden allemaal mensen op straat" haina maana ya watu wote. Ni "lots of people". Na ukisikia "alle dagen", kama wanavyopenda kusema watu wa Flanders, Kiingereza chake ni "every day", wala si "all days".

Kwa wauguzi na wafamasia nalitilia mkazo hili: "om de dag" ni "every other day", siku moja ndiyo, moja hapana. Ukiandika "every day" umeongeza dawa maradufu. "Om de acht uur" ni "every eight hours", na hapo tena "uur" inakuja bila wingi. Maneno haya yaandike kwenye kadi na uyasome kabla ya zamu.

Namba zenyewe

Mtu anaweza kuwa na kila neno sahihi, kisha kiasi kikaharibika kwa sababu ya tarakimu. Kiholanzi kinaandika 1.500 kwa elfu moja na mia tano, na 1,5 kwa moja na nusu. Kiingereza kinafanya kinyume, 1,500 na 1.5, kama tunavyoandika kwa Kiswahili. Ankara yenye "€ 1.500" ikifika London inaweza kusomwa moja na nusu. Badilisha alama kabla ya kutuma, kila mara, hata kama programu ya ofisi imekujazia yenyewe.

"Miljard" ni "billion", yaani bilioni yetu. "Biljoen" ni "trillion". Waingereza nao zamani waliiita milioni ya milioni "billion", mpaka serikali yao ikatangaza mwaka 1974 kwamba takwimu zake zitafuata hesabu ya Marekani, ya milioni elfu. Kwa hiyo vitabu vya zamani vya Uingereza visome kwa tahadhari.

"Een ons" dukani Uholanzi ni gramu 100. "An ounce" ni gramu 28 na kidogo. "Een pond" ni gramu 500, "a pound" ni gramu 453.6. Usitafsiri maneno haya kamwe. Tafsiri gramu: "two hundred grams of cheese".

"Half zeven" ni saa kumi na mbili na nusu. Mwingereza akikuambia "half seven", anamaanisha saa moja na nusu, kwa sababu amefupisha "half past seven". Mmoja atafika saa nzima kabla ya mwenzake. Sema "six thirty" au "seven thirty", na ukiambiwa "half seven" uliza tena.

Kwa simu, Mholanzi hutaja namba mbili mbili, na kila jozi anaianza na tarakimu ya nyuma: "vijfentwintig" huanza na tano. Akihamia Kiingereza kwa haraka, 25 inatoka 52. Kiswahili kinakwenda sawa na Kiingereza, ishirini na tano, "twenty-five", lakini aliyeishi Rotterdam miaka mingi hurithi mpangilio wa Kiholanzi bila kujua. Nawaambia wanafunzi wasitaje jozi hata kidogo. Taja tarakimu moja moja: "two, five, four, six". Inachukua muda kidogo zaidi, na mtu wa upande wa pili anaandika sawasawa.

Jinsi ya kulifanyia kazi

Usijaribu yote kwa pamoja. Chukua barua pepe zako tano za mwisho ulizoandika kwa Kiingereza, uzichapishe, na upigie mstari kila neno la kiasi na kila namba. Kando yake andika kwa kalamu neno la Kiholanzi lililokuwa kichwani ulipoandika. Utaona baada ya ukurasa mmoja tu kwamba maneno mawili au matatu yanajirudia. Kwa mmoja ni "jaar" na "uur", kwa mwingine ni "de meeste", kwa mwingine "hoeveel". Hayo ndiyo yako. Ya wengine yaache.

Fungua daftari, upande wa kushoto neno la Kiholanzi, upande wa kulia sentensi mbili za Kiingereza kutoka kazini kwako mwenyewe. Usichukue za kitabuni. Karani wa bandari aandike "How many containers are there?" na "How much space do we have?" Muuguzi aandike "every eight hours" na "a little water". Kisha kwa juma zima, kila unapotaka kutuma kitu kwa Kiingereza, kisome mara moja ukitafuta neno hilo peke yake, usiangalie kingine. Likianza kutoka sahihi bila kulitafuta, hamia kwenye neno la pili.